Maswali na Majibu ya Sanaa: Mara Nyingi Kosa Si Rangi, Ni Toni

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mwanza na visiwa vya jirani, na nyingi kati yake zinailaumu rangi. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Barua ndefu tumezifupisha.

Nilimpeleka mwanangu Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Alisimama mbele ya picha akaniuliza, "Mama, hii ina nini?" Nikamjibu ni nzuri, maneno yakaniishia. Nianzie wapi? – Mama wa watoto wawili, Igoma

Mama, "nzuri" ni hukumu, na hukumu huja mwisho. Anza na yale ambayo mtu yeyote aliyesimama pale angekubaliana nawe bila ubishi. Kwanza kitu chenyewe: ni mbao, udongo, au rangi ya mafuta juu ya hadibodi? Kina ukubwa gani? Kwenye kibao cha maelezo, vipimo vya picha kwa kawaida huandikwa kimo kwanza, halafu upana. Kwa hiyo 40 × 60 sm ni picha iliyolala, na 60 × 40 sm ni iliyosimama.

Kisha taja vijenzi. Mstari: mnene au mwembamba, umenyooka au unapinda, unaanzia wapi na kuishia wapi. Umbo: eneo bapa lenye mpaka. Ujazo: kitu chenye kina, ambacho unaweza kukizunguka. Bujora mnao mfano mzuri, kwa sababu Banda la Watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi: ukilipiga picha kwa simu, kinachobaki kwenye kioo ni umbo tu, ukilizunguka kwa miguu ndipo unapata ujazo. Toni: kiasi cha mwanga au giza, bila kujali rangi ni ipi. Halafu rangi yenyewe. Mguso: vile uso wa kitu unavyohisiwa na kidole, au vile jicho linavyodhani kidole kingehisi. Mwisho nafasi: mapengo kati ya vitu, na kina ambacho mchoraji ametufanya tukione.

Kwa mtoto, fanya mchezo. Ataje vitu vitano anavyoviona bila kusema "nzuri", "mbaya" wala "inafanana na". Akimaliza, muulize jicho lake lilitua wapi kwanza na likaenda wapi baadaye. Hapo tayari mnazungumzia mpangilio, yaani kitovu cha picha, urari wa pande zake, mrudio wa maumbo na uwiano wa ukubwa. Maana ya picha muiache hadi hapo. Wanaoanza na maana huwa wanasimulia picha ambayo hawajaitazama.

Mimi ni mchora maandishi, nafanya mitumbwi na mabango Kirumba. Niliandika jina la mtumbwi kwa nyekundu juu ya kijani, rangi kali zote mbili, mpya kutoka kopo. Mwenye mtumbwi analalamika kwamba ukiwa majini halisomeki. Nibadilishe kampuni ya rangi? – Fundi, Mwaloni

Usibadilishe kampuni, fundi. Rangi zako ni nzima, ila toni zake zinalingana.

Jicho husoma maandishi kwa kutofautisha mwanga na giza kabla ya kutofautisha nyekundu na kijani. Nyekundu na kijani za kawaida za kopo hukutana katikati ya ngazi ya toni. Ukiwa mita mbili unaona rangi mbili, ukiwa mita thelathini unaona bamba moja linalotetemeka. Na wako watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani hata wakiwa karibu. Kwao mtumbwi ule hauna jina kabisa.

Jioni mambo huzidi. Mwanga ukipungua, jicho hupoteza nyekundu mapema kuliko bluu na kijani. Nyekundu iliyong'aa saa tisa alasiri huwa karibu nyeusi saa moja usiku, wakati bluu iliyo pembeni yake bado inaonekana. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni. Kwa kazi yako hilo ni la kuandika ukutani.

Kuna vipimo viwili vya bure. Cha kwanza, finya macho hadi yabaki mstari mwembamba: herufi zikiyeyuka ndani ya mandharinyuma, toni zimelingana. Cha pili, piga picha kwa simu, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Hicho cha pili hakidanganyi, kwa sababu rangi imeondolewa na kilichobaki ni toni peke yake.

Cha tatu kinahitaji kazi ya saa moja, na kitakutumikia miaka. Chukua kipande cha hadibodi, chora miraba 9 ya sm 3, uiweke mstari mmoja. Wa kwanza ujaze nyeupe, wa tisa nyeusi. Tengeneza wa tano, ulio katikati, kisha wa tatu na wa saba, halafu jaza iliyobaki. Ukienda kwa mpangilio wa 1, 2, 3 utafika mraba wa sita tayari umeishiwa giza. Kila mara anza na nyeupe na utie nyeusi kwa ncha ya brashi. Ukianza na nyeusi utamaliza nusu kopo la nyeupe kabla ya kuona badiliko. Ikikauka, weka kila rangi ya dukani kwako pembeni ya ngazi hii, ufinye macho, uone inazama kwenye mraba upi. Njano safi itakaa karibu na nyeupe. Bluu iliyokoza itakaa karibu na nyeusi. Kati ya herufi na mandharinyuma, tafuta tofauti ya miraba minne au zaidi. Ndiyo maana njano juu ya nyeusi, au nyeupe juu ya bluu iliyokoza, husomeka hata na dereva asiyetaka kusoma.

Mtumbwi uliokwisha kuandikwa hauhitaji kufutwa. Zungushia herufi mstari mweupe, kama sm 1 kwa herufi yenye kimo cha sm 15. Mstari huo unaingiza toni tofauti katikati ya zile mbili zinazolingana. Unene wa mguu wa herufi uwe kama sehemu ya tano ya kimo chake. Ukiuzidisha, matundu ya "a" na "e" huziba ukiwa mbali. Kwa ukubwa, kadiria sm 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali ikiwa unataka jina lisomwe bila kukaza macho. Kwa mita 30 ni sm 25. Na kabla ya kupaka juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, ikwangue kwa msasa laini hadi mng'ao ufe, ufute vumbi. Usipofanya hivyo mstari wako mweupe utabanduka kama ganda la kitunguu msimu wa mvua ukifika.

Ninafundisha shule ya msingi. Nimewaambia watoto kwamba nyekundu, njano na bluu hutoa rangi nyingine zote. Wamechanganya nyekundu na bluu wapate zambarau, wakapata tope. Nifanyeje? – Mwalimu, Sengerema

Mwalimu, sheria uliyowafundisha ni nusu ya kweli. Nyekundu nyingi za dukani zimeegemea upande wa rangi ya machungwa, yaani ndani yake kuna unjano. Ukiongeza bluu, tayari umekutanisha nyekundu, njano na bluu zote tatu, na zikikutana zote tatu hutoa kahawia au kijivu. Watoto wameshika kanuni sawasawa, na kopo ndilo lililowaponza.

Tafuta nyekundu inayoegemea waridi iliyokoza. Changanya hiyo na bluu, zambarau itakuja safi. Wachapaji wa magazeti hawatumii nyekundu ya kawaida kabisa. Hutumia waridi iliyokoza, bluu ya anga, njano na nyeusi, na kwa hizo nne hupata karibu kila kitu unachokiona ukurasani.

Kwa kijani, wape watoto uwiano: vijiko 4 vya njano kwa kijiko 1 cha bluu, kisha waongeze bluu tone kwa tone. Bluu ina nguvu. Ikianza nusu kwa nusu utapata kijani cheusi kisichorudi nyuma.

Ukiweza, wafundishe pia kwamba rangi moja ina sifa tatu. Ina jina lake: nyekundu, kijani, bluu. Ina toni: ni nyepesi au imekoza. Ina ukali: ni safi au imefifia. Watoto wengi, na watu wazima wengi, huchanganya hizi mbili za mwisho. Nyekundu iliyotiwa nyeupe inakuwa waridi: toni imepanda na ukali umeshuka. Nyekundu iliyotiwa kijani kidogo hufifia na kuelekea kahawia bila kuwa nyepesi. Hiyo ndiyo njia ya kuipunguzia rangi makelele: tia kidogo ya rangi iliyo kinyume chake. Jozi za kinyume ni nyekundu na kijani, bluu na machungwa, njano na zambarau. Nyeusi uitumie kwa tahadhari. Ukiitia kwenye njano ili kuipunguza mwanga, utapata kijani cha majani makavu, na mtoto atakuja kukushitakia kwamba kopo limeharibika.

Nimechora Jiwe la Bismarck mara nyingi. Mistari iko sahihi, watu wanalitambua, lakini linaonekana limekatwa kwenye karatasi na kubandikwa ziwani. Natumia penseli HB. – Kijana wa Capri Point

Mistari sahihi ndiyo iliyokukwamisha. Umelizungushia jiwe mpaka mmoja mweusi wenye unene ule ule kila mahali, na mpaka wa namna hiyo humwambia mtazamaji "hapa ndipo mwisho". Lakini jiwe la mviringo haliishii hapo; linaendelea kupinda kwenda nyuma. Ujazo hautoki kwenye mpaka. Unatoka kwenye toni.

Kitu cha mviringo chenye chanzo kimoja cha mwanga kina kanda tano. Kuna sehemu inayopigwa na mwanga moja kwa moja. Kuna toni ya kati, pale uso unapoanza kugeuka. Kuna kivuli cha mwili, upande uliolipa jua mgongo. Ndani ya kivuli hicho, karibu na ukingo wa chini, kuna mwanga wa kurudi: kwa mawe ya ziwani huu una nguvu, maana maji hurusha mwanga juu chini ya tumbo la jiwe. Mwisho kuna kivuli kinachoangushwa juu ya jiwe la chini. Wengi husahau kanda ya nne, wakaujaza upande wa giza mweusi mtupu hadi ukingoni, na hapo ndipo jiwe linapogeuka karatasi. Kosa la upande wa pili lipo pia: mwanga wa kurudi ukichorwa mweupe kupita kiasi, jiwe linaonekana kama bati. Hata ukiwa na nguvu, ubaki na giza kuliko toni ya kati.

Anza hivi. Kwa HB chora mpaka hafifu sana, wa kufutika. Amua jua liko wapi na uweke alama ya mshale pembeni ya karatasi, ili usilihamishe katikati ya kazi. Tenga karatasi katika sehemu mbili tu, mwanga na kivuli, na upande wote wa kivuli uujaze toni moja kwa 2B, penseli laini na nyeusi kuliko HB. Usiingie kwenye nyufa wala madoa kabla picha haijasomeka kwa toni hizo mbili. Kisha ongeza toni ya kati. Chukua 6B, iliyo nyeusi zaidi, mwishoni kabisa, kwa zile sehemu chache zenye giza kuu: pale mawe yanapogusana, na pale jiwe linapoingia majini. Michirizi ya penseli ifuate mzunguko wa jiwe, ivuke mgongo wake, isishuke wima kama mvua. Usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi huifanya penseli ikatae kufutika na toni zote ziwe kijivu kimoja. Halafu rudi kwenye mpaka: upande wa mwanga uufute hadi ubaki kidogo au upotee, upande wa kivuli uuache. Mchanganyiko huo wa kingo kali na kingo laini ndio unaolirudisha jiwe nyuma na mbele.

Saa unayochora ina uzito wake. Ukiwa ufukweni upande wa Kamanga, jua la jioni linashuka upande wa ziwa, nyuma ya jiwe, na unachopata ni umbo jeusi tupu. Zuri kwa kadi za posta, halifai kujifunzia ujazo. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Adhuhuri iache: Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua hupita juu ya utosi, na vivuli vinajificha chini ya vitu vyenyewe. Tena, kwa kuwa saa zetu zinafuata majira ya mashariki zaidi, jua hufika utosini inapokaribia saa saba, si saa sita kamili. Kupumzika saa sita na kurudi saa saba hakukusaidii kitu.

Jambo la mwisho, taswira ya jiwe majini si kivuli chake. Kivuli huhama na jua. Taswira hushuka wima kuja upande wako, jua likiwa popote. Na toni zake hukaribiana: sehemu nyeupe ya jiwe huonekana majini ikiwa na giza kidogo zaidi, na sehemu nyeusi huwa nyepesi kidogo. Ukizinakili toni za juu kama zilivyo, maji yatageuka kioo cha kinyozi.

Nikichora ziwa, mitumbwi ya mbali inaonekana imepaa angani. Mstari wa upeo niuweke wapi? – Msomaji, Nansio, Ukerewe

Upeo uko usawa wa macho yako. Ukikaa unashuka nawe, ukipanda mlima unapanda nawe. Kuupata, chukua chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, iinue mbele ya uso hadi uso wa maji uonekane mstari mmoja, si duara. Usawa huo ndio upeo, hata kama kuna kilima au nyumba inayouficha. Ndani ya Ghuba ya Mwanza ng'ambo ipo karibu, na upeo halisi hauonekani; uchore kwa penseli hafifu hata hivyo.

Sasa mitumbwi. Mstari wa maji wa kila chombo lazima uwe chini ya upeo, na chombo kilicho karibu kiwe chini zaidi kwenye karatasi. Ukisimama ukingoni macho yako yakiwa mita 1.6 juu ya maji, mvuvi wa kimo chako aliyesimama mtumbwini, sakafu ikiwa usawa wa maji, kichwa chake kitagusa upeo awe mita 20 au mita 400 kutoka kwako. Ukikaa chini, upeo utawakata wote kifuani au kiunoni, wote mahali pamoja. Mmoja akipita juu ya hapo peke yake ndipo anapopaa. Na usichore mtumbwi unaoonekana mzima ukiwa kilomita kumi: kwa macho yaliyo mita 1.6 juu ya maji, upeo uko karibu kilomita 4.5 tu. Ukiwa kilimani mita 100 juu ya ziwa, unafika kama kilomita 36.

Kwa vitu vinavyojirudia, kama nguzo za daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, usikadirie mapengo kwa macho. Weka nukta moja kwenye mstari wa upeo ambako mistari yote itakutana. Chora nguzo ya kwanza, kisha vuta mistari mitatu kwenda kwenye nukta: kutoka kichwani, kutoka katikati na kutoka mguuni mwake. Weka nguzo ya pili pale upendapo. Sasa piga mstari kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza, upite pale mstari wa kati unapokata nguzo ya pili, uendelee hadi ukutane na mstari wa miguu. Hapo ndipo mguu wa nguzo ya tatu. Rudia. Mapengo yatapungua yenyewe kwa uwiano sahihi. Mtu akikadiria, kwa kawaida huyapunguza kidogo mno, na daraja linaonekana fupi.

Umbali una dalili nyingine isiyohitaji rula. Hewa iliyo kati yako na kitu hutawanya mwanga, kwa hiyo vitu vya mbali huwa vyepesi, vya bluu-bluu, na tofauti kati ya giza na mwanga wake hupungua. Kisiwa cha Saa Nane, kilicho karibu, kina kijani chake kamili. Kwa kila kisiwa cha nyuma ongeza kidogo ya rangi ile ile uliyopakia anga ya chini. Baada ya mvua vumbi huoshwa, na milima ya mbali husogea. Ukichora siku hiyo, punguza bluu.

Ninauza vitenge Makoroboi. Kwa nini kitenge kimoja kinatulia machoni na kingine kinachosha, na rangi zao ni zile zile? – Mama wa vitenge

Kwa sababu ya mrudio, Mama. Tazama kwanza kanga: ina pindo linalozunguka, mji katikati na jina chini ya mji. Jicho linajua pa kuingia na pa kutua. Kitenge kwa kawaida hakina pindo la namna hiyo. Ua lile lile hurudi tena na tena, na utulivu wake hutegemea mapengo kati ya maua. Pengo likiwa na ukubwa sawa na ua lenyewe, jicho halijui lipi ni umbo na lipi ni mandhari, likachoka. Pengo likizidi au likipungua waziwazi, linatulia. Na toni pia zimo: finya macho ukiwa hatua tano, uone kama ua linabaki.

Mteja anayeshonesha gauni mpimie umbali kutoka ua moja hadi pacha wake, wima. Ukiwa sm 40, aongeze sm 40 kwa kila kipande kinachopaswa kulingana mshononi. Yadi 6 ni kama mita 5.5, na maua makubwa huzimaliza haraka.

Mguso unachorwaje kwa penseli? – Mwanafunzi, Nyegezi

Weka karatasi nyembamba juu ya jamvi, ungo au jiwe, usugue penseli 2B ikiwa imelala ubavu. Fanya hivyo kwa nyuso kumi, uandike jina chini ya kila moja, uwe na kamusi yako. Unapochora, weka mguso zaidi pale mwanga unapokutana na kivuli, maana hapo ndipo mikwaruzo huonekana. Kwenye mwanga mkali na kwenye giza kuu uache karibu mtupu. Ukiujaza kila mahali, jiwe na dagaa vitafanana.

Jamaa yangu anasema Tingatinga si sanaa kamili kwa sababu haina vivuli wala umbali. Nimjibu nini? – Msomaji, Bwiru

Mjibu kwamba anapima samaki kwa rula ya kitambaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kopo za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Kwa miaka michache hiyo aliacha namna ya kuchora ambayo haidai kina. Mnyama amewekwa bapa mbele ya macho, mpaka wake ni mkali, mandharinyuma ina rangi moja au rangi inayobadilika taratibu, na mwili umejaa nukta na mistari ya mrudio.

Vijenzi vya kuipima ni umbo, mrudio na nafasi. Ziba rangi kwa fikra, ubaki na umbo jeusi: chui bado anatambulika? Tazama mapengo kati ya miguu na mkia: yamechongwa kwa makusudi, au yamebaki tu? Hesabu ukubwa wa nukta: zinakua na kupungua kufuata mwili, au ni za kukimbilia sokoni? Picha nyingi dhaifu za namna hii zina rangi za kutosha, ila mandharinyuma na mnyama vina toni moja. Nyingine zimepakwa nukta kabla tabaka la chini halijakauka. Utaona kingo za nukta zimetambaa. Vinyago vya Wamakonde navyo vipime kwa nafasi: mwanga unaopita kwenye matundu ya mpingo ni sehemu ya kazi sawa na mti wenyewe.

Napiga picha za soko la samaki kwa simu. Kila kitu kimo, lakini hakuna kinachoonekana. – Kirumba

Kimo kingi mno. Kata karatasi ya manila vipande viwili vya umbo la L, kila mkono sm 15 kwa upana wa sm 3. Vipishanishe viwe dirisha, uvipitishe juu ya picha zako za zamani ukikaza na kulegeza, hadi upate kipande chenye jambo moja: mikono na sato, au mizani tu. Angalia tofauti kubwa kuliko zote ya giza na mwanga iko wapi ndani ya dirisha. Kama iko kwenye beseni jeupe la pembeni na si kwenye mikono, jicho litakwenda kwenye beseni, hata ukiweka mikono katikati. Siku ya kupiga, sogea hatua mbili kushoto au kulia hadi beseni litoke, au omba lisogezwe.